Mpaka Wetu Ulikuwa Kichuguu

Mimi ni katibu wa komini ya kijijini, upande wa barabara inayotoka Kolwezi kwenda Fungurume, na nalisema hilo bila kuinamisha kichwa. Watu wa mjini wakisikia komini ya kijijini hucheka. Wanadhani ni meza moja, muhuri mmoja na mbuzi aliyelala mlangoni. Mbuzi yupo, sikatai. Lakini tuna baraza la watu tisa, tuna ramani ukutani, tuna bajeti inayosomwa kwa sauti mbele ya wananchi, na tuna kabati la mafaili ambalo ufunguo wake nauvaa shingoni pamoja na rozari. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la komini yetu liko mkononi mwangu.

Nina mwandiko mzuri pia. Masista walionifundisha walihakikisha hilo kwa rula. Ndiyo maana iliniuma sana siku nilipogundua kwamba mstari mmoja wa mwandiko wangu huo mzuri ulikuwa karibu kuwapokonya akina mama wa soko uwanja wao, na mama yangu mzazi akiwa mmoja wao.

Mama anauza unga. Anaupima kwa meka, lile kopo letu la bati ambalo kila mnunuzi hulitazama kwa jicho la wasiwasi, na ameupima kando ya barabara kuu tangu nikiwa shule ya msingi. Hatukuwa na soko. Tulikuwa na barabara, na akina mama walipanga meza zao pale ambapo lami inaishia na vumbi linaanza. Malori ya shaba yakipita, wanafunika unga kwa kitenge, wanasubiri, wanafunua. Siku moja lori lililokwepa shimo lilipanda na gurudumu moja juu ya meza ya mama. Yeye alikuwa ameinuka kwenda kuazima chenji. Aliporudi alikuta meza ni kuni na unga umekuwa barabara. Alikusanya kuni akaenda nazo nyumbani kupikia, kwa sababu mama yangu hatupi kitu, lakini usiku ule hakula. Toka siku hiyo nilijua ninachokitaka katika kazi yangu. Nilitaka akina mama watoke barabarani.

Baraza nalo lilitaka hivyo. Watu hawajui jinsi ardhi inavyogawanywa. Wanafikiri mkuu wa komini anaamka na kunyoosha kidole. Kwetu sisi tulitembea. Mkuu mwenyewe, msaidizi wake, wakuu wa mitaa mitano, chifu wa ardhi, mwakilishi wa akina mama wa soko, na mimi nyuma yao na daftari, kwa sababu katibu hana kura lakini ana miguu. Tulizunguka komini yote kipindi cha kiangazi, majani yakiwa yameungua na ardhi inaonekana vizuri. Hapa nyumba. Hapa mashamba. Hapa depo za madini, mbali na shule, maana depo zilikuwa zimeanza kuota popote na kila moja ilikuja na kelele zake na pikipiki zake. Na hapa, kati ya barabara na kijito, soko: uwanja mpana, tambarare, wenye pampu ya maji katikati. Nikiukumbuka mjadala wa siku ile naona fahari hata leo. Walibishana saa nzima juu ya upande wa kuweka vyoo ili upepo usipeleke harufu kwa wauza samaki. Nani mjini anafikiria hivyo?

Upande wa magharibi wa uwanja kulikuwa na uzio wa shule. Hapo hakuna tatizo. Upande wa mashariki hakukuwa na chochote ila kichuguu. Mtu asiyetoka kwetu akisikia kichuguu anafikiria kifusi cha kufika gotini. Vichuguu vyetu vya mchwa ni vilima. Kile kilikuwa kirefu kuliko nyumba, kimeota miti mgongoni, na mtu akisimama juu yake aliiona barabara pande zote mbili. Tulipaswa kuweka jiwe la saruji kama alama ya mpaka, ila saruji ya mwaka ule baraza lilikuwa limeitenga kwa msingi wa ofisi mpya, na mkuu hakutaka kufungua mfuko hata mmoja. Chifu wa ardhi ndiye aliyetutuliza.

"Juu ya nini mutaweka jiwe?" alisema, yaani kwa nini. "Kichuguu haitembeake. Iko apa tangu bankambo yetu ba zamani."

Wote tuliona ni neno la maana. Nikaandika: mpaka wa mashariki wa soko ni mstari mnyoofu kutoka kichuguu kikubwa mpaka daraja la miti la kijitoni. Sikupima hatua kutoka uzio wa shule. Kwa nini nipime, na kilima kinaonekana toka barabarani?

Mwaka uliofuata tukaanza kujenga ofisi. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu yeyote wa Katanga analijua tangu utotoni: tofali zuri linatoka kwenye kichuguu. Udongo wake unashikana, haupasuki motoni, mvua haiutafuni. Mtu akinunua lupango huuliza kwanza kama kiwanja kina kichuguu, na kama kipo, bei inapanda. Baraza likaamua matofali ya ofisi yafyatuliwe kwa udongo wa karibu ili kuokoa nauli ya lori. Uamuzi mzuri, wa watu wanaoheshimu fedha za umma. Niliuandika mimi, na nilipoandika neno "karibu" hakuna kengele iliyolia kichwani mwangu. Chifu wa ardhi alipewa kuku kama desturi inavyodai kabla ya kuchimba, akampokea, akabariki. Kiangazi kizima tanuri liliwaka. Ofisi ikasimama, vyumba vinne, na udongo uliobaki wananchi waliumaliza wenyewe kwa mabeseni na mikokoteni. Misimu miwili ya mvua ikapita juu ya shimo, takataka zikalijaza, majani yakafunika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta kwanza, ufa ukaja baadaye.

Niliandika pia amri nyingine wakati huo, na hii niliipenda sana: ni marufuku kulima katika uwanja wa soko, anayekamatwa atafanya siku moja ya salongo, yaani kazi ya komini, au atalipa faini. Kwetu mtu akilima mahali misimu miwili anaanza kupaita pake. Niliibandika amri hiyo mlangoni, na akina mama waliisoma au walisomewa.

Katika miaka hiyo mama alianza kunipikia lengalenga, yaani mchicha, ya ajabu. Majani mapana, meusi kwa ukijani, laini hata bila magadi. Nilikuwa nakula na bukari, ugali wetu, mpaka nalegeza mkanda. Nilimwuliza anaitoa wapi.

"Kwa rafiki yangu," alisema, na akaniongeza nyingine kwenye sahani.

Mwenye depo mmoja alikuja kwetu wakati fedha za soko zilipokuwa tayari zimewekwa kwenye rasimu ya bajeti, sehemu ile ya ushuru wa migodi inayorudi kwa komini. Alikuwa mtu wa adabu. Alinunua madini kwa wachimbaji wa mikono na alikuwa amepata ardhi kihalali kabisa, mashariki ya soko, kwa karatasi iliyosema kwamba ardhi yake inaanzia mpaka wa soko, penye kichuguu kikubwa. Akaja na mafundi wake akapigilia mambo za mbao, vile vigingi vya kuonesha mpaka. Asubuhi moja akina mama wakakuta mambo hizo zimepita katikati ya uwanja, pampu ya maji ikiwa upande wake.

Nilikimbilia kule nikiwa na hasira, nikamkuta amesimama kando ya kichuguu. Kilikuwa kichuguu cha pili, kile kidogo cha karibu na shule, kilichojaa mawe ambacho kila mfyatua matofali alikidharau. Kilikuwa kimebaki peke yake, na kitu kikibaki peke yake huwa kikubwa.

"Mama Katibu, mi naheshimia baraza," aliniambia. "Lakini karatasi inasema kichuguu. Kichuguu ni hii. Ingine iko wapi?"

Nilitazama mashariki yote, nikaona nyasi tu. Tukikubali kichuguu kile kuwa mpaka, soko lingebaki ukanda mwembamba kando ya uzio wa shule, bila maji, wa kutosha meza chache tu. Waliobaki wangerudi barabarani, na kwa mama yangu, mwenye umri wake na magoti yake, barabarani kungekuwa ndiyo mahali pake mpaka mwisho.

Mkuu wa komini akaitisha baraza siku hiyohiyo. Mwenye depo alituletea soda baridi, kreti nzima, na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilizipeleka zote shuleni kwa watoto kabla mjumbe yeyote hajapata kufungua. Wawili walinuna. Mkuu alisoma kumbukumbu zangu kwa sauti, akaegemea ukuta, akauliza swali ambalo wote tulikuwa tunalikwepa.

"Sasa ile kichuguu ilienda wapi?"

Chifu wa ardhi alikuwa anatazama viatu vyake. Mwakilishi wa akina mama alianza kucheka chinichini, akajiziba na kitenge. Mimi ndiye niliyesema, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika.

"Iko mu ukuta, Tata Burgomesta. Ile yenye unaegemea."

Aliondoa mgongo wake ukutani kama mtu aliyeguswa na chuma cha moto. Kisha akageuka akautazama ukuta kwa muda mrefu, akapitisha kiganja juu ya matofali, na akaanza kucheka mpaka machozi. Sote tukacheka. Ilikuwa aibu, lakini ni aibu yetu sote tisa na katibu, na nadhani ni kwa sababu hiyo hakuna aliyetafuta wa kumtupia.

Kicheko kiliisha tulipofika uwanjani. Mpimaji wa ardhi alikuwa amekuja kutoka Kolwezi na mkanda wake, mtu mwembamba asiyependa maneno, akasema tumwoneshe kichuguu kilipokuwa. Mkuu wa mtaa wa kwanza alionesha penye mwiba. Wa pili akasema hapana, ni mbele zaidi, karibu na njia. Wa tatu akasimama mahali ambapo, kwa maelezo yake, kichuguu kingekuwa juu ya barabara. Chifu wa ardhi aliulizwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyebariki uchimbaji.

"Kuku minamukumbuka," alisema kwa uaminifu kabisa. "Alikuwa mweusi. Fashi ya kichuguu, hapana."

Mwenye depo hakucheka wala hakukejeli. Alisimama tu kando ya kichuguu chake chenye mawe, ameweka mkono juu yake. Mpimaji akakunja mkanda. Alisema atarudi Alhamisi. Tukiweza kumwonesha mahali, atapapima. Tusipoweza, ataandika kichuguu kinachosimama, kwa sababu hawezi kuandika kichuguu cha kwenye masimulizi. Na mkuu wa komini akaongeza lililokuwa zito zaidi: kikao cha bajeti ni Ijumaa, mradi usio na mpaka hauingii kwenye bajeti, na fedha za soko zitahamia kwenye mifereji. Hakulisema kwa ubaya. Ni kanuni, na kanuni hiyo niliwahi kuitetea mimi mwenyewe.

Nilikwenda barabarani kwa mama nikiwa nimechoka na nimejichukia. Nilikaa kwenye kindoo chake, nikamsimulia yote huku malori yakipita na yeye akifunika na kufunua unga. Nilimwambia kwamba kosa ni langu, kwamba mtu mwenye mwandiko mzuri hivi alishindwa kuandika idadi ya hatua. Kwa kawaida mama angenijibu kwa mzaha. Anapenda kunikumbusha kwamba aliuza mbuzi wawili ili nijue kuandika. Safari hii hakutania. Alipima meka mbili za mteja, akasahau kuongeza lile konzi dogo la zawadi, na mteja akamkumbusha.

"Ile amri yenye ulibandikaka ku mulango," alisema hatimaye bila kunitazama. "Ya kukataza bantu balime mu soko. Mutu akilima, banamufanya nini?"

"Siku moja ya salongo, mama. Ao analipa. Juu ya nini?"

"Nauliza tu. Muntu hawezi kuuliza?"

Nilidhani anataka kubadili mazungumzo ili nisilie mbele ya wateja. Mtoto wa mtu ni mjinga mbele ya mama yake, hata awe na muhuri.

Alhamisi asubuhi tulikuwa wote uwanjani: baraza, mpimaji, mwenye depo na mafundi wake, na akina mama wengi walioacha meza zao. Wakuu wa mitaa walikuwa wamekuja na nadharia mpya. Mmoja alileta kamba. Ndipo nilipomwona mama anakuja kutoka upande wa barabara, amevaa kitenge chake cha kanisani, kile cha sikukuu, na begani amebeba lukasu, jembe lake la siku zote. Hakuja kwangu. Alimpita mkuu wa komini kwa kumwinamia kidogo, akampita chifu, akaingia katikati ya majani marefu mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyeonesha, akasimama.

"Musijisumbue na kamba," alisema. "Kichuguu ilikuwa apa."

Mpimaji alimwuliza anajuaje.

"Mi njo nalimaka apa. Lengalenga. Tangu myaka mbili."

Sitasahau jinsi damu ilivyonipanda usoni. Mbele ya baraza zima mama wa katibu alikuwa anakiri kuvunja amri ya katibu. Na wakati huohuo nilikuwa nakumbuka sahani zote zile, moja baada ya nyingine, na jinsi nilivyokuwa nalamba vidole. Wajumbe walinitazama. Mimi nilitazama daftari.

Mama aliendelea, bila haraka, kama anayepima unga. Alisema kila mwanamke anayelima anajua kwamba udongo wa kichuguu haufi hata ukiuondoa. Mizizi ya kichuguu inabaki chini, na mboga inayopandwa juu yake hutoka nyeusi bila mbolea. Alipoona wafyatua matofali wamemaliza, alisubiri mvua, akaja na mbegu. Alipanda kwa kuzunguka, pale tu majani yalipokuwa na rangi ile. Nje ya mduara huo, alisema, lengalenga inatoka ya njano, si ya kumpa mtu anayempenda. Hapo alinitazama mara moja tu. Akainama, akasukuma majani kwa lukasu, na tukaona matuta yake, madogo na nadhifu, yamefichwa ndani ya nyasi kama yai ndani ya kiota.

Mwenye depo alikohoa. Nilikuwa nalisubiri neno lake, na kwa haki yake lilikuwa neno la kweli.

"Tata Burgomesta, huyu njo mama ya katibu. Ata mama yangu mi angesema vile, juu ya kunisaidia."

Akina mama walianza kunung'unika. Mpimaji akainua mkono.

"Udongo haiko mama ya muntu," alisema. "Tuchimbe."

Alimruhusu mwenye depo achague sehemu za kuchimba, na nilimheshimu kwa hilo. Mafundi wa mwenye depo wakachimba mahali patatu alipotaka: udongo mwekundu, mwepesi, uleule mpaka chini. Wakachimba penye kichuguu chake chenye mawe, na kilikuwa kichuguu kweli, ila mpimaji alikizunguka kwa mkanda na kutikisa kichwa, kwa sababu mtu mmoja angeweza karibu kukikumbatia. Kisha wakachimba kwenye matuta ya mama. Jembe lilipita udongo wa juu likagonga kitu kigumu. Chini yake ulitokea udongo mzito wa kijivu, wenye vijiwe vyeupe, na ndani yake vijumba vya mchwa, vimepangana, vingine bado vina wenyewe. Wakafuata ukingo wake. Ulikuwa unakwenda duara, kama mama alivyosema, na duara lilikuwa pana kuliko ofisi yetu.

Mkuu wa komini alichukua bonge la udongo ule akaenda nalo mpaka ofisini, sote nyuma yake, hata mwenye depo. Chumba cha kuhifadhia vifaa kilijengwa kwa matofali mabichi, yasiyochomwa, kwa sababu kuni ziliisha. Aliweka bonge lile kando ya tofali. Kijivu kilekile, vijiwe vyeupe vilevile. Mwenye depo alikwaruza tofali kwa ukucha wake mwenyewe, akatazama, akafuta kidole kwenye suruali.

"Mi naondoa mambo zangu," alisema.

Na aliziondoa siku hiyo, kabla ya jua la saa nane.

Lakini baraza halikuwa limemaliza, na hapa ndipo ninapojivunia kazi yetu kuliko mahali popote. Wangeweza kumshukuru mama na kwenda zao. Msaidizi wa mkuu alipendekeza hivyo hasa, tena kwa kunitazama kwa huruma. Mama ndiye aliyekataa.

"Amri ni amri," alisema. "Mutoto yangu aliandika yake. Minalima, minalipa."

Mkuu akaitisha kura palepale uwanjani. Wajumbe tisa wakainua mikono, wengine wakitabasamu: mama atafanya siku moja ya salongo, na kazi yake itakuwa kuchimba shimo la jiwe la mpaka, katikati kabisa ya duara. Safari hii saruji ilitolewa bila majadiliano. Mama alikunja kitenge chake cha kanisani, akachimba. Nilitaka kumpokea jembe, akanikataza kwa macho. Alichimba mpaka kiuno, akapumzika, akachimba tena. Mficha uchi hazai, na yeye alizaa siku ile mbele ya komini nzima. Chifu wa ardhi alisimama pembeni, amevua kofia. Nilijivunia mama yangu mpaka kifua kikaniuma, na sioni haya kulisema.

Ijumaa soko likaingia kwenye bajeti. Mpimaji alinipa idadi ya mita kutoka uzio wa shule na nikaiandika mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Sasa akina mama wako ndani ya uwanja, kwenye meza za saruji chini ya paa, na vyoo viko upande ule waliobishania. Malori yanapita mbali, tunayasikia tu. Mama alipoulizwa anataka meza ipi, alichagua ya mwisho kabisa mashariki, ili aegemee jiwe. Mwenye depo hununua kwake unga wa wafanyakazi wake, na huitazama meka kwa jicho lilelile la wasiwasi.

Kabla ya kumbukumbu kwenda Kolwezi kwenye ofisi ya ardhi, mama alikuja kwangu ofisini, mara yake ya kwanza kuingia. Aligusa ukuta kwanza. Kisha akakaa, akataka nimsomee, kwa kuwa yeye hakuuziwa mbuzi na mtu ili ajue kusoma. Nikamsomea: kwamba mama fulani, mwuza unga, alilima katika uwanja wa soko kinyume cha amri, kwamba alikiri mwenyewe, kwamba ardhi ilichimbwa na ikathibitisha, kwamba aliadhibiwa na adhabu akaitimiza. Nilisoma taratibu. Sehemu ya kosa niliisoma kwa sauti ndogo.

"Ni muzuri," alisema. "Lakini haukuandika kama lengalenga ilitoka muzuri."

"Mama, hii ni karatasi ya serikali."

"Basi watajuaje kama kichuguu ilikuwa apo? Juu ya lengalenga njo mulijua." Alinyanyuka, akajifunga kitenge vizuri. "Andika. Na andika nani alikula."

Nilingoja atoke, nikavuta kiti. Karatasi hiyo sasa iko Kolwezi, na muhuri wa komini juu yake. Inasema kwamba mpaka wa soko letu ni pale ambapo lengalenga ilistawi bila mbolea kwa misimu miwili, na kwamba mimi, katibu, niliila.